MARCONI NA NJIA ISIYOAMINIKA

Mpenzi msomaji, hebu fikiria umemtuma mtoto dukani akununulie chumvi na kiberiti. Njiani kuna mbwa mkali, kuna wenzake wanaocheza kandanda, kuna mvua. Huenda akafika amesahau kiberiti, huenda akarudi na sukari badala ya chumvi, na huenda asifike dukani kabisa. Wewe uliyeketi nyumbani hujui lililotokea. Kutuma ujumbe angani bila waya ni vivyo hivyo. Kutuma si kazi. Kazi ni ujumbe kufika, tena ufike jinsi ulivyotumwa, hata kama njia yenyewe ni mbovu.

Mja ninayetaka kuwasimulia habari zake katika jarida letu mwaka huu aliishi miaka 63, na sehemu kubwa ya miaka hiyo aliitumia kushindana na jambo hilo moja. Jina lake ni Guglielmo Marconi. Katika vitabu vyetu vya shule hutajwa kwa mstari mmoja tu, eti alivumbua redio, basi. Mimi naona mstari huo umemwonea, na wakati huohuo umempendelea.

Marconi alizaliwa tarehe 25 Aprili 1874 katika mji wa Bologna, Italia. Baba yake, mzee Giuseppe, alikuwa na mashamba. Mama yake, Annie Jameson, alikuwa Mwairishi wa ile jamaa iliyotajirika kwa kutengeneza wiski. Kwa hivyo tusidanganyane kwamba alianza maisha mikono mitupu. Hata hivyo hakuwahi kuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Bahati yake ni kwamba jirani yao, Augusto Righi, alikuwa profesa wa fizikia pale Bologna, naye akamruhusu kijana huyu kuingia maabarani na kupekua vitabu. Mama naye alikuwa upande wa mwanawe siku zote, hata pale mzee aliponung'unika kuhusu pesa.

Kabla ya hapo, mnamo 1888, Mjerumani Heinrich Hertz alikuwa ameonyesha kwamba cheche ya umeme hutoa mawimbi yasiyoonekana kwa macho, na kwamba mawimbi hayo huvuka chumba na kuzua cheche nyingine ndogo upande wa pili. Hertz alitaka kuthibitisha hesabu za Maxwell, hakuwa na haja ya kupelekeana salamu. Alifariki mwaka wa 1894 akiwa bado kijana wa miaka 36, na magazeti ya sayansi yakaandika sana habari zake. Marconi, wakati huo ana miaka 20, alizisoma akiwa mapumzikoni milimani. Wazo likamnasa kama ndoana inavyonasa samaki.

Alijifungia katika orofa ya juu ya nyumba yao, Villa Griffone, kijijini Pontecchio. Kifaa alichotumia kupokelea mawimbi kiliitwa kohera. Hiki kilikuwa kibomba cha kioo chenye unga wa madini ndani. Wimbi likifika, chembe za unga hushikana na umeme hupita. Kisha kinyundo kidogo hukigonga kibomba ili chembe ziachane, tayari kwa wimbi jingine. Si Marconi aliyeivumbua kohera, na wazo la kuigonga pia lilikuwa la wengine. Yeye alijaribu, akabadili, akajaribu tena, mchana na usiku. Hatimaye mwaka wa 1895 akafanya jambo lililoonekana dogo mno: aliinua waya juu ya nguzo, na ncha yake nyingine akaiunganisha na ardhi, kwenye mtambo wa kutuma na vilevile kwenye wa kupokea. Hiyo ndiyo antena yake. Umbali ukaruka kutoka mita chache hadi kilomita mbili hivi.

Inasimuliwa kwamba kaka yake Alfonso alibeba mtambo wa kupokea hadi nyuma ya kilima, mahali ambapo hangeweza kuonana na nyumba. Walipatana kwamba ujumbe ukifika, bunduki ilie. Marconi akabonyeza. Bunduki ikalia. Tazama hapo, msomaji: tangu siku za kwanza alihitaji jibu. Bila ule mlio wa bunduki asingejua kama ujumbe wake umevuka kilima au umekufa njiani.

Mwaka wa 1896 alifunga safari pamoja na mamake hadi London, akaomba hataza ya uvumbuzi wake mwezi Juni mwaka huohuo. Mkuu wa wahandisi wa Posta ya Uingereza, William Preece, alimpenda na kumsaidia. Mwezi Mei 1897 ujumbe ukavuka maji kutoka kisiwa cha Flat Holm hadi bara, kule Wales. Mwezi Julai kampuni yake ikaundwa. Machi 1899 ujumbe ukavuka bahari iliyo kati ya Ufaransa na Uingereza, karibu kilomita 50. Mambo yalikwenda mbio, si mchezo.

Lakini hapa lazima niseme ukweli. Oliver Lodge wa Uingereza, Alexander Popov wa Urusi, Jagadish Chandra Bose wa India na Nikola Tesla wote walikuwa wameshika kipande fulani cha kazi hii, wengine hata kabla yake. Mwaka wa 1943, Marconi akiwa tayari kaburini, Mahakama Kuu ya Marekani iliibatilisha sehemu kubwa ya hataza yake moja muhimu kwa sababu wengine walikuwa wamemtangulia. Ndiyo maana nasema ule mstari wa kitabuni umempendelea. Anayestahili sifa kwa kuwa wa kwanza ni mwingine. Sifa ya Marconi ni ubishi. Aliposhindwa na umbali mmoja, alitafuta njia ya kuushinda kisha akataka umbali mkubwa zaidi.

Na umbali aliouota ulikuwa bahari ya Atlantiki.

Wataalamu wengi walimwona kama mtu aliyechanganyikiwa. Mawimbi haya ni ndugu ya mwanga, walisema, nayo husafiri moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Dunia nayo ni mviringo. Kati ya Uingereza na Amerika, mgongo wa dunia umeinuka kama mlima wa maji wenye kimo cha zaidi ya kilomita 200, ukipima kutoka kwenye mstari ulionyooka. Wimbi litapitaje? Hesabu yao haikuwa na kasoro. Marconi hakuwa na hesabu ya kuwajibu. Alikuwa na pesa za kampuni na roho ngumu.

Alijenga kituo huko Poldhu, katika jimbo la Cornwall, chenye nguzo 20 zilizopangwa duara, kila moja kama mita 60 kwenda juu. Mwezi Septemba 1901 dhoruba ikapiga, nguzo zote zikaanguka chini kama mabua ya mahindi. Upande wa pili, Cape Cod huko Marekani, alikuwa amejenga nguzo kama hizo. Mwezi Novemba nazo zikaangushwa na upepo. Mtu mwingine angekunja virago. Yeye alisimamisha nguzo mbili tu pale Poldhu, akatundika nyaya zilizotandazwa kama upepeo, kisha akapanda meli kuelekea Newfoundland akiwa na wasaidizi wawili, George Kemp na Percy Paget. Kwa kuwa nguzo hazikuwapo tena, walibeba maputo na tiara, zile zinazorushwa na watoto, ila zao zilikuwa kubwa za kuinua waya.

Juu ya kilima cha Signal Hill, nje ya mji wa St John's, baridi ilikuwa ya kukata mifupa na upepo ulivuma kwa hasira. Puto lilikatika likaenda zake. Tarehe 12 Desemba 1901 wakafaulu kurusha tiara yenye waya wa mita 150 hivi. Tiara ilikuwa ikipanda na kushuka, na kila ilipopanda au kushuka antena ilibadilika. Hebu fikiria kusikiliza mtu akinong'ona kilomita 3,400 mbali huku sikio lako likirushwarushwa na upepo! Kule Poldhu walikuwa wameagizwa kutuma alama moja tu kwa masaa maalum kila siku: nukta tatu, yaani herufi S kwa alama za Morse. Mchana huo, Marconi akiwa ameweka chombo cha kusikilizia sikioni, alisikia migongano mitatu midogo. Akampa Kemp naye asikilize. Kemp akakubali kwamba amesikia.

Magazeti yakalipuka kwa furaha. Kampuni ya telegrafu ya nyaya za baharini, iliyokuwa na haki ya pekee pale Newfoundland, ikatishia kumpeleka mahakamani, na hiyo ilikuwa dalili kwamba wenye biashara wamemwamini. Wanasayansi wengi hawakumwamini, na mimi nimelifikiria sana jambo hili nikaona walikuwa na haki. Angalia. Alama yenyewe ilikuwa nukta tatu. Radi ikipiga mbali, chomboni husikika mikwaruzo. Waliosikia walikuwa wawili tu, wote wa kampuni moja, wote wakijua mapema ni nini wanachokisubiri, na hakuna karatasi iliyoandika chochote. Ukimtegea sikio mgeni unayemngojea kwa hamu, kila jani likianguka utasema amebisha hodi. Hata leo wako wataalamu wanaosema kwamba mchana ule, kwa mawimbi marefu yale, ujumbe haungeweza kufika.

Marconi aliutambua udhaifu huo haraka. Hakupoteza muda kujibizana. Februari 1902 alipanda meli iitwayo Philadelphia, iliyokuwa ikitoka Uingereza kwenda New York, antena ikiwa imefungwa mlingotini. Safari hii hakutegemea sikio. Aliweka mashine ya kuandika alama kwenye ukanda wa karatasi, na nahodha wa meli akatia sahihi. Ujumbe kamili ulisomeka hadi umbali wa kilomita 2,500 hivi, na zile nukta tatu hadi karibu kilomita 3,400. Ubishi ukapungua.

Safari hiyohiyo ikafichua jambo jingine ambalo hakulitarajia. Takwimu hizo zilikuwa za usiku. Jua lilipochomoza, ujumbe ulikatika baada ya kilomita 1,100 hivi tu. Mtambo ni uleule, antena ni ileile, mtumaji ni yuleyule. Kilichobadilika ni njia. Mwaka huohuo wa 1902, Arthur Kennelly wa Marekani na Oliver Heaviside wa Uingereza, kila mmoja kivyake, walitoa maoni kwamba juu angani kuna tabaka linalopitisha umeme, na kwamba mawimbi hugonga tabaka hilo yakarudi chini. Kumbe ndivyo yanavyouruka ule mlima wa maji! Jua ndilo linalolijenga na kulivuruga tabaka hilo. Uthibitisho ulikuja mwaka wa 1924 kwa majaribio ya Edward Appleton.

Sasa, msomaji, tulia kidogo hapa, kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha mambo. Kama wimbi linaweza kufika kwa kudunda angani, basi linaweza kufika kwa njia zaidi ya moja. Moja limedunda mara moja, jingine mara mbili, jingine limetambaa chini. Yote ni ujumbe mmoja, lakini hayafiki kwa hatua moja. Yakikutana yakiwa yanapanda pamoja na kushuka pamoja, sauti huvuma. Yakikutana moja likipanda na jingine likishuka, ni kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja kutoka pande mbili: nguvu ipo tele ila mlango hauendi popote. Sauti hufifia ikapotea, kisha baada ya sekunde chache ikarudi. Wazee waliosikiliza redio za masafa mafupi wanaijua vizuri hali hiyo. Taarifa ya habari inasomwa, mara sauti inazama kama mtu anayezama mtoni, mara inaibuka na habari imekwisha.

Kwa miaka mingi dawa ya Marconi ilikuwa moja tu, nguvu. Ujumbe haufiki? Ongeza umeme. Bado? Refusha antena, refusha wimbi. Mnamo Oktoba 1907 alifungua huduma ya biashara kati ya Clifden huko Ireland na Glace Bay huko Kanada, vituo vikubwa kama viwanda. Maneno muhimu yalirudiwa na kurudiwa ili kuhakikisha yamefika, na kila kurudia kulikula wakati na pesa. Na usidhani tatizo lilikuwa radi na jua pekee. Mwezi Juni 1903, Profesa John Ambrose Fleming alipokuwa akijiandaa kuwaonyesha watu mjini London jinsi mtambo wa Marconi usivyoingiliwa, mtambo ukaanza kupokea maneno ya kejeli. Aliyeyatuma alikuwa Nevil Maskelyne, mfanya mazingaombwe, aliyekuwa na mtambo wake jirani. Jameni! Aibu ilioje mbele ya wageni wa heshima.

Mwaka wa 1909 alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia, akagawana na Mjerumani Karl Ferdinand Braun. Watu wengi wamemsahau Braun, na hilo ni kosa, kwa maana mwaka wa 1905 huyu bwana alikuwa amepanga antena tatu kwa umbo la pembetatu na kuzipa umeme kwa kupishana kidogo. Matokeo yake ni kwamba mawimbi yalikwenda kwa nguvu upande mmoja na kufa upande mwingine. Hakuongeza nguvu. Alipanga tu. Mbegu hiyo ilipandwa wakati Marconi bado anajenga minara mirefu.

Aprili 1912 ikaja ajali ya Titanic. Wapiga telegrafu wawili waliokuwa melini, Jack Phillips na Harold Bride, walikuwa waajiriwa wa kampuni ya Marconi. Phillips alituma wito wa msaada mpaka maji yalipokaribia, akafa. Meli ya Carpathia ilisikia ikaja mbio, na zaidi ya watu 700 wakaokolewa. Wapatao 1,500 waliangamia. Kulikuwa na meli nyingine karibu zaidi, Californian, lakini mpiga telegrafu wake alikuwa peke yake na alikuwa ameshakwenda kulala. Mawimbi yalifika kwenye antena yake, ila hapakuwa na sikio. Marconi mwenyewe alikuwa amealikwa kusafiri na Titanic, akaamua kutangulia na meli nyingine. Alipokelewa kama shujaa, lakini mwezi Septemba mwaka huohuo gari lake likagongana na jingine huko Italia, akapoteza jicho la kulia.

Wakati huo jina lake lilikuwa limefika hata huku kwetu. Mwaka wa 1913 serikali ya Uingereza ilipatana na kampuni yake kujenga mlolongo wa vituo vikubwa vya kuunganisha himaya: Uingereza, Misri, Afrika Mashariki (koloni ambayo leo ni Kenya), Afrika Kusini, India na Singapore. Mpango wenyewe ulinuka kashfa, kwani baadhi ya mawaziri walikuwa wamenunua hisa za kampuni ndugu kule Marekani. Vita vya 1914 vikauvunja kabla haujakamilika. Na mkumbuke kwamba lengo halikuwa babu zetu wapelekeane salamu. Lengo lilikuwa amri za London zifike Nairobi upesi.

Wakati wa vita ndipo Marconi, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 40, alipogeuza mawazo yake, na hili ndilo ninalompendea kuliko yote. Ni nadra mtu mashuhuri kukubali kwamba amekuwa akienda upande usiofaa. Kuanzia 1916, pamoja na mhandisi Charles Franklin, alirudi kwenye mawimbi mafupi aliyoyaacha tangu ujana wake. Mwaka wa 1919 alinunua meli ndogo ya anasa, akaiita Elettra, akaigeuza maabara iendayo majini. Mwaka wa 1923 Poldhu ilituma kwa mawimbi mafupi yenye nguvu ndogo, naye akasikiliza akiwa ndani ya Elettra mpaka karibu na visiwa vya Cape Verde, pwani ya Afrika Magharibi. Sauti ilifika vizuri ajabu.

Julai 1924 wakatia sahihi mkataba na Posta ya Uingereza. Mkataba huo haukuzungumzia ubora kwa maneno matupu. Ulidai maneno 100 kwa dakika, kwa masaa 18 kila siku kwa Kanada, na masaa 7 kwa Australia ambako njia ni ndefu na ngumu zaidi. Yaani hata mkataba wenyewe ulikiri kwamba njia haiaminiki siku nzima.

Antena aliyoitengeneza Franklin haikuwa waya mmoja mrefu. Ilikuwa pazia la nyaya nyingi zilizoning'inia kwenye nguzo zilizopangwa mstari, na nyuma yake pazia jingine la kurudisha mawimbi mbele. Nyaya zote zilipewa ujumbe uleule kwa wakati uleule. Umewahi kuona watu wakisukuma matatu iliyokwama kwenye matope? Kila mtu akisukuma kwa wakati wake, matatu haitoki. Mmoja akipiga kelele harambee na wote wakasukuma pamoja, inatoka. Nyaya zile zilifanya hivyo. Kwa mbele mawimbi yalipanda pamoja na kushuka pamoja, yakaongezeana nguvu. Kwa pembeni yalipingana yakafutana. Nguvu iliyokuwa ikimwagwa dunia nzima sasa ilielekezwa kwa yule aliyeandikiwa barua. Huduma ya Kanada ilifunguliwa Oktoba 1926, na mwaka wa 1927 zikafuata Australia, Afrika Kusini na India. Kampuni za nyaya za baharini, zilizomcheka mwaka wa 1901, zilitikisika mpaka mwaka wa 1929 zikaungana na kampuni yake. Kampuni iliyozaliwa baadaye iliitwa Cable and Wireless, na ndiyo iliyoendesha matangazo ya redio hapa Kenya hadi 1959.

Kufifia, hata hivyo, hakukuisha. Harold Beverage na Harold Peterson, wa kampuni ya RCA kule Marekani, walitafuta dawa nyingine kituoni Riverhead. Walisimamisha antena kadhaa za kupokea mbalimbali, kwa sababu waliona kwamba sauti ikififia kwenye moja, mara nyingi haififii kwenye nyingine wakati huohuo. Wakachapisha kazi yao mwaka wa 1931. Ni sawa na kuwatuma watoto watatu dukani kwa njia tatu tofauti. Mbwa hatawauma wote.

Mwaka wa 1948, Claude Shannon alithibitisha kwa hesabu kwamba hata njia yenye kelele inaweza kupitisha ujumbe salama, ukiupanga ujumbe kwa msimbo unaofaa na usipite kasi ambayo njia inaweza kubeba. Kisha mwaka wa 1998 Siavash Alamouti akaziunganisha hoja hizi mbili, yaani msimbo na antena nyingi, kwa njia fupi hata mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuifuata. Chukua alama mbili za kutuma, antena mbili, na vipindi viwili. Kipindi cha kwanza antena ya kwanza inatuma alama ya kwanza, na antena ya pili inatuma ya pili. Kipindi cha pili zinabadilishana, ila alama moja inageuzwa ishara, jumlisha ikawa kutoa. (Kuna kugeuza kwingine kidogo kwa namba changamano, ambako hatujakufikia darasani.) Aliye upande wa pili, hata akiwa na antena moja tu, anapata milinganyo miwili yenye vitu viwili visivyojulikana, kama ile tunayoitatua katika hisabati. Kila alama imesafiri kwa njia zote mbili. Moja ikififia, nyingine inaibeba.

Lakini ili kuitatua milinganyo hiyo, mpokeaji lazima ajue njia ikoje wakati huo. Kwa hivyo mtumaji hutia katikati ya ujumbe alama ambazo mpokeaji anazijua tayari. Akiona zimefika zimepinda namna gani, anajua njia imeupinda ujumbe namna gani. Ukiwa ndani ya matatu inayokimbia, njia hubadilika upesi, makisio yakachakaa kabla hayajatumika, na makosa yakaingia. Wataalamu wanaendelea kutafuta misimbo inayovumilia makisio mabovu. Unaona, msomaji, alama inayojulikana mapema ndiyo ileile S ya Signal Hill. Kwa kuthibitisha habari mpya ilikuwa shahidi dhaifu. Kwa kuipima njia, ni shahidi mzuri kabisa.

Nirudi kwa Marconi, maana mwisho wake haufurahishi. Ndoa yake na Beatrice O'Brien, aliyemwoa mwaka wa 1905, ilivunjika mwaka wa 1924, akaoa tena mwaka wa 1927. Mwaka wa 1923 alikuwa amejiunga na chama cha Mafashisti cha Benito Mussolini, na mwaka wa 1930 Mussolini akamteua kuwa rais wa Akademia ya Italia. Oktoba 1935 majeshi ya Italia yaliivamia Ethiopia, jirani yetu wa kaskazini, na watu wakamwagiwa gesi ya sumu kutoka kwa ndege. Marconi aliunga mkono vita hivyo hadharani. Wako wanaosema alikuwa mzee, mgonjwa wa moyo, na kwamba kila mwenye cheo Italia alilazimika kusema hivyo. Mimi siafiki. Alikuwa na uraia wa heshima ya dunia nzima, na angeweza angalau kunyamaza. Mtu aliyewapa mabaharia sauti ya kuomba msaada hakusikia sauti iliyotoka Ethiopia.

Moyo ulimsumbua mara kwa mara katika miaka yake ya mwisho. Tarehe 20 Julai 1937 alikata roho mjini Rome. Alizikwa kwa heshima za taifa, na siku ya mazishi vituo vya redio vya Uingereza na nchi nyingine vilizima mitambo yao kwa dakika mbili. Baadaye mwili wake ulihamishiwa Villa Griffone, katika kaburi lililojengwa chini ya nyumba ileile ambako aliinua waya wake wa kwanza. Elettra ilichukuliwa na Wajerumani wakati wa Vita Vikuu vya Pili, ikapigwa mabomu mwaka wa 1944, na vipande vyake vimetawanywa katika makumbusho mbalimbali.